Siku Walipolisafisha Jicho

Hapo zamani, wajukuu zangu, si zamani ile ya fisi kuvaa kanzu, hapana, zamani hii ya karibu, ambayo hata aliyenisimulia mimi alikuwa ameyanywa maji yenyewe, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Ighombe. Sogea wewe, mwenzio naye akae. Na nawaambia mapema, mwisho wa hadithi hii sinao mimi. Mnao nyinyi.

Ighombe walikuwa na chemchemi moja tu ya maji. Yalitoka mwambani, mahali padogo kama mlango wa banda la kuku. Wakapaita Jicho. Masika linatoka, kiangazi linatoka. Watu wanachota, yanayobaki yanateremka mpaka kwenye ndiva. Ndiva mnaijua? Bwawa la kuchimbwa kwa mikono, lenye tuta la udongo. Usiku maji yanajikusanya humo, asubuhi yanafunguliwa yanaingia mferejini, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Maharage, mahindi, migomba, vyote vilikuwa vinakula kwa Jicho. Hakuna Jicho, hakuna Ighombe.

Na ndani ya Jicho waliishi kaa. Si wale wa pwani. Kaa wa mlimani, wekundu wa kuungua kama chungu cha zamani, wakubwa kama kiganja cha mtoto. Walikuwa wametoboa matundu kila mahali, kwenye udongo, kwenye nyufa za mwamba. Ukiinama kuchota, mmoja anachungulia, anakutazama, anarudi ndani. Na tope lilikuwepo, na majani yameotea humo humo, na mawe yana utelezi wa kijani.

Mtunzaji wa Jicho alikuwa bibi mmoja, Nambike. Kazi hiyo alirithi kwa bibi yake. Watoto wakienda kuchota walikuwa wanamuuliza, kama nyinyi mnavyoniuliza mimi mpaka kichwa kinaniuma.

"Bibi, kwa nini kaa hawaguswi?"

"Mwiko."

"Kwa nini ni mwiko?"

"Ukimgusa, vidole vitaoza."

"Na tope je, kwa nini halitolewi?"

"Mwiko."

"Na yale matundu…"

"Wewe mtoto! Mwiko unaitikiwa kwa kuinama, hauitikiwi kwa mdomo. Chota uende, mama yako anangoja maji."

Basi watoto wakainama, wakachota, wakaenda. Wakakua, wakazaa, na watoto wao wakaambiwa hivyo hivyo. Vidole vitaoza. Hakuna aliyegusa. Woga ulikaa pale kama askari, na Jicho likatoka.

Sasa akarudi kijana mmoja, Senzota. Mtoto wa pale pale Ighombe, alishuka tambarare miaka mingi, akarudi na viatu na maneno. Lakini alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya. Alipenda vijana. Aliwakusanya kila wiki akawafundisha. Msichome moto mteremkoni, udongo utahama. Chimbeni matuta. Choo kisikae juu ya maji. Wakamwita Mwalimu, na wakamsikia kuliko walivyosikia baba zao. Alikuwa na neno lake moja alilolipenda:

"Mnapolala mnafagia. Mnapokunywa mbona hamfagii?"

Siku moja akawapeleka Jichoni. Akakunja shati, akazamisha mkono, akamtoa kaa. Mkubwa! Anarusha miguu. Mama yangu weee! Watoto walipiga yowe, mmoja alikimbia mpaka kwao akajifungia ndani.

Senzota akamrudisha kaa, akanyoosha mikono. "Hesabuni vidole vyangu."

Wakahesabu. Kumi.

"Njooni kesho mhesabu tena."

Wakaja kesho. Kumi. Wakaja kesho kutwa. Kumi.

Wajukuu zangu, siku ile ya tatu woga wa miaka yote hiyo ulikufa. Pah! Na pale ulipokuwa umekaa woga, Senzota hakuweka kitu.

Katika vijana wale palikuwa na binti wa miaka kumi na mitano, Naghenjwa. Hakuna aliyeyashika mafunzo kama yeye. Alikuwa na sababu yake. Vuli iliyopita mdogo wake alikuwa ameharisha siku nne, ya tano wakamzika. Naghenjwa ndiye aliyekuwa akimnywesha maji, kwa mkono wake.

Akamuuliza mwalimu wake, "Mwalimu, maji safi ni yapi?"

Senzota alikuwa na jembe begani, anawahi matuta. Akajibu anatembea, "Ni yale ambayo ukiyatazama huoni kitu ndani." Akaenda zake.

Naghenjwa akabaki na neno hilo. Huoni kitu ndani.

Kwa watu wale kazi ya wote inaitwa msaragambo. Linapigwa baragumu, kila nyumba inatoa mtu, hakuna kusema mgongo unauma. Basi siku ya gulio, wakubwa wote wameshuka sokoni, pamoja na Senzota mwenyewe, Ighombe wakasikia baragumu. Nani anapiga? Naghenjwa! Binti! Tangu milima iwekwe, baragumu halijapigwa na mtoto. Vijana wakatoka, na majembe, na makapu, wanaimba.

Wakalisafisha Jicho.

Walikwangua utelezi wote. Walitoa tope mpaka wakafika jiwe jeupe. Waling'oa majani. Wakawatoa kaa mmoja mmoja, wakajaza kapu likawa linatambaa lenyewe. Mmoja akanyanyua jiwe awaponde, Naghenjwa akamshika mkono: "Usiwaue! Wana roho hao. Wapelekeni mtoni." Mnaona? Hakuwa na ukatili yule mtoto. Wakawapeleka mtoni, chini kule.

Halafu, ili kaa wasirudi, akachukua udongo wa kufinyangia vyungu, akaukanda, akaziba matundu. Moja moja. Na kiganja analainisha, kama mtu anayekandika nyumba ya bibi harusi.

Ndipo akatokea Nambike na mkongojo wake. Alipoona, fimbo ilimdondoka.

"Mwiko! Mwiko! Watoto, mwiko!"

Palikuwa na msichana mmoja mwenye mdomo, Mkunde, akainua mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko. "Bibi, shikamoo. Vidole hivi hapa. Hesabu. Au huko kwenu kuhesabu nako ni mwiko?"

Wakacheka. Jamani, wakacheka! Vijana thelathini wanamcheka bibi mzima.

Nambike akafungua mdomo. Akaufunga. Akaokota fimbo yake.

"Mtaona," akasema. Neno moja. Akarudi kwake.

Jioni wakubwa wakapanda kutoka gulioni. Wakafika Jichoni, wakasimama. Maji yalikuwa kama kioo! Kila kokoto unaliona. Mzee Mrutu, mkubwa wa wazee wote, akainama akanywa kwa kiganja. "Tangu nizaliwe sijaona uso wangu humu," akasema. "Leo nimeuona. Kumbe nimezeeka hivi na hamniambii!" Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele, Naghenjwa akabebwa juu juu. Senzota alitokwa na machozi. "Huyu ndiye mwanafunzi wangu," akasema. Wote walikunywa. Hakuna aliyeuliza kaa wako wapi.

Siku ya tatu ndiva haikujaa. Wakasema ni jua.

Siku ya tano maji ya ndiva yalikuwa ya kifundo cha mguu. Wakasema ni jua.

Siku ya nane Naghenjwa aliwahi wa kwanza kuchota. Akainama, akazamisha kibuyu. Ko! Akavuta. Akazamisha tena. Ko! Kibuyu kinagonga mwamba. Sauti hiyo hakuna mtu wa Ighombe aliyewahi kuisikia mahali pale. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama," kidogo kidogo, kama mtu anayeongea usingizini. Mama yake hakuwepo.

Watu wakaja. Anafika mmoja, anatazama, anaweka mkono mdomoni. Anafika mwingine, mkono mdomoni. Kijiji kizima kimeshika midomo. Mwamba mkavu, mweupe, safi. Huoni kitu ndani! Alikuwepo hata Kiondo, mnywaji wa dengelua, pombe ile ya miwa, ambaye kila siku alijisifu kwamba maji ni ya mifugo. Akakaa chini. "Kwani dengelua inachanganywa na nini?" akauliza. Hakuna aliyecheka. Hata yeye.

Mchunga mbuzi mmoja akapanda mbio kutoka chini kabisa. "Maji yako korongoni!" akasema. "Yametokea upya kule chini, chini ya mashamba yote!" Yalikuwa yanakwenda zake kwa nyani na mawe. Na maji hayapandi mlima, wajukuu zangu. Maharage ya Ighombe yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

Sasa Kiondo huyo huyo akainuka. "Alisema mtaona! Yule bibi alisema mtaona!"

Hapo ikawa moto. "Ameroga! Ameroga maji!" Wakaenda mbio kwa Nambike, wengine na fimbo. Lakini kabla hawajafika mlangoni, mlango ukafunguka wenyewe, Nambike akatoka.

"Sikuroga," akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?" Mzee Mrutu akauliza.

"Kaa ndiye anayefungua njia. Mlima wetu ni udongo mzito, kila mvua unaziba. Kaa anachimba, maji yanapita kwenye tundu lake. Ukimtoa kaa, ukaziba tundu, maji yanatafuta kwingine."

Wajukuu zangu, watu waliganda. Wenye fimbo, fimbo zilibaki juu.

"Ulijua!" mama Naghenjwa akapiga ukelele. "Miaka yote hiyo ulijua, ukatuambia vidole vitaoza!"

"Mimi niliambiwa siku mvi zilipotoka," Nambike akasema. "Ndivyo inavyopokelewa. Mtoto anapewa mwiko, mzee anapewa sababu."

Basi Mzee Mrutu akawaita wote Jichoni. Kwa sababu Ighombe walikuwa na sheria, na sheria hiyo haikuwa imetumika tangu enzi za babu yake. Sikilizeni vizuri. Ambaye Jicho limeziba kwa kosa lake hachoti tena. Kibuyu chake kinavunjwa kwa jiwe mbele ya watu, na toka siku hiyo mpaka kaburini hainamii maji ya kijiji. Akiwa na kiu aombe. Akitaka kupika aombe. Akizaa, maji ya kumwogesha mtoto aombe. Na mpaka kibuyu kivunjwe, hakuna anayeligusa Jicho, hata kulifungua.

Na kulifungua walitaka! Vijana walikuwa wameshateremka mtoni tangu asubuhi kutafuta wale kaa. Kapu zima walilolimwaga, wakapata sita. Sita! Wako kapuni, wamefunikwa majani mabichi, na majani yananyauka.

"Tumekosa sote, Mzee," mtu mmoja akasema. "Tulikunywa, tukapiga vigelegele. Tuvunje vyote, au tusivunje hata kimoja."

Mzee Mrutu akatikisa kichwa. "Wakati wa babu yangu, kabla ya sheria hii, walisema hivyo hivyo. Tumekosa sote. Wote wakaenda kulala, keshoye wakaanza kukata msitu wa juu. Kosa la wote halina mwenyewe. Sheria inataka kibuyu kimoja."

Vikaletwa vibuyu vitatu, vikawekwa juu ya mwamba mkavu.

Mzee Mrutu akashika jiwe. Akagusa kibuyu cha kwanza.

"Hiki cha nani?"

"Changu," Nambike akasema. "Na sioni kwa nini kiko hapo. Nimelilinda Jicho miaka arobaini. Katika miaka hiyo yote lilikauka lini? Nilisema mwiko, na mwiko ulitosha, mpaka alipokuja mwenye viatu akauua. Siku ile nilikuja. Nilipiga kelele mara tatu. Nani alinisikiliza? Nilichekwa! Nikawape siri ya bibi yangu watu wanaonicheka?"

"Ndiyo!" Senzota akasema kwa nguvu. "Ndiyo, Bibi! Siku ile ile, papo hapo! Ulikuwa na maneno mdomoni ya kuokoa kijiji, ukayameza, ukatema mtaona!"

Nambike akageuza uso, akatazama mwamba mkavu.

Mzee Mrutu akagusa cha pili. "Hiki cha nani?"

"Changu," Senzota akasema. "Mimi niliua uongo, Mzee. Vidole haviozi. Nani hapa anataka mwanawe adanganywe? Nimefundisha matuta, udongo wenu haujahama. Nimefundisha vyoo, hesabuni watoto mliowazika mwaka huu na mwaka juzi. Sikuwaambia wazibe matundu. Sikuwepo hata! Ningejua kaa ni fundi wa maji, ningewafundisha wamwamkie asubuhi."

"Mwalimu," Nambike akasema, pole pole. "Mlangoni kwangu ulipita kila siku. Ulipomtoa kaa mbele ya watoto, ulikuja kuniuliza, Bibi, huyu anafanya kazi gani humu?"

Senzota akatazama viatu vyake.

"Ulijua kwamba vidole haviozi, ukadhani umejua yote. Mimi nilificha sababu. Wewe hukuitafuta."

Mnasikia watu wanavyoguna? Mzee Mrutu akagusa cha tatu. "Hiki cha nani?"

Kabla binti hajasema, mama yake akajitupa mbele. "Mzee, huyu ni mtoto! Mkubwa mmoja kamficha sababu, mkubwa mwingine kamfundisha nusu! Kaambiwa fagia, kafagia! Mlimbeba mabegani nyinyi wenyewe! Nani ataoa mwanamke asiyechota maji? Nimezika mmoja kwa sababu ya maji haya haya. Mnataka nizike na huyu akiwa hai?"

Watu wakaanza kulia. "Kweli," wakasema. "Mtoto hana kosa. Kiondoeni kibuyu hicho."

Mzee Mrutu akanyoosha mkono akiondoe. Nawaambia, alikuwa ameshakishika.

"Kiache, Babu," Naghenjwa akasema.

Wote wakageuka.

"Kiache. Kuna kitu hamjui." Alikuwa hatazami mtu. "Nilipokuwa naziba matundu, lile kubwa la mwisho… maji yalinisukuma mkono. Niliweka udongo, yakautoa. Niliweka tena, yakautoa. Nikasikia ubaridi wake kwenye kiganja, yanasukuma, kama mtu anayesukuma mlango kwa ndani. Nikajua. Sikujua kama Bibi anavyojua, lakini mkono wangu ulijua kwamba maji yanapita hapo. Nilitaka kuacha. Wenzangu walikuwa nyuma yangu wanaimba jina langu. Mkunde anasema, maliza, Naghenjwa, limebaki moja. Nikaona aibu. Nikachukua udongo mwingi, nikakandamiza kwa mikono miwili, nikaweka na goti. Mpaka yakanyamaza."

Wajukuu zangu! Mama yake alimtazama kama hamjui. Senzota alikaa chini, kichwa magotini. Nambike akasema, "Mjukuu wangu, kwa nini umesema?" na binti akamjibu, "Kwa sababu nilijua, Bibi."

Watu wakagawanyika hapo hapo. Wengine wakapiga kelele, "Nambike! Kama angesema sababu, mkono wa mtoto ungeacha!" Wengine, "Senzota! Aliyebomoa ukuta bila kuuliza umeshika nini!" Wengine, wachache, na wanalia wanaposema, "Binti. Wale wawili hawakuziba tundu hata moja. Yeye maji yalimwambia, akayanyamazisha." Na wengine wakawajibu, "Ndiye peke yake aliyesema kweli bila kuulizwa, na nyinyi mnataka kumvunjia kibuyu kwa kweli hiyo? Nani mwingine atasema kweli Ighombe?"

Kapuni, kaa wawili walikuwa wameshaacha kutembea. Wamebaki wanne. Mtu akatema mate mkononi awaloweshe, kwa sababu maji hakuna.

Mzee Mrutu ameinua jiwe. Mkono uko juu, unachoka. Vibuyu vitatu viko mwambani, cha bibi aliyejua akanyamaza, cha mwalimu aliyefundisha bila kuuliza, cha binti aliyesikia maji yakisukuma akakandamiza. Kimoja tu. Na lazima sasa hivi.

Msinitazame mimi. Semeni nyinyi. Je, kibuyu cha nani kilistahili jiwe?